Mnunuzi Mmoja wa Mwani

Mlingotini

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Hatujambo, babu yako amepona mguu, na shangazi yako amejifungua salama.

Umeuliza utajuaje kama kampuni hupata faida kwa kuzalisha vizuri au kwa kukosa mshindani. Unasema hesabu zako za kwanza zimeharibika, unataka kubadili mada ya utafiti wako. Usibadili.

Ujanani tulilima mwani, na mnunuzi alikuwa mmoja. Tulipolalamikia bei, alicheka: "Nyinyi wavivu, na mwani wenu haufai!" Wenzangu wakaanza kumwamini.

Nikaamua kupima mavuno ya kila kamba tuliyofungia mwani baharini. Nilipima mwani mbichi, na jirani yangu Mwanahawa akanicheka: "We Mwanaidi, na maji ya bahari umeyalima wewe?" Nikaanza upya, mwani ukiwa mkavu.

Msimu uliofuata akaja mnunuzi wa pili. Mavuno ya kila kamba yalikuwa yaleyale, na mwani uleule, bei ikapanda. Nilimwonyesha yule wa kwanza daftari langu la vipimo. Hakucheka.

Basi pima kazi peke yake na bei peke yake, kisha tazama ni kipi kilichobadilika. Ukigundua umepima maji, anika upya.

Bibi yako,
Mwanaidi