Konde la Idi Pili

Mabawa, Tanga
19 Mei

Kwa kaka yangu mpenzi Uweso,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Amani, wewe na shemeji Samiha na watoto, na kwamba baridi ya huko haijamrudishia mdogo wao kikohozi. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama anakusalimu sana. Uvimbe wa mguu umepungua, sasa anakwenda sokoni Ngamiani na kurudi bila kushikwa mkono, na amerudia kugombana na wauza nazi kama zamani.

Najua umenikasirikia. Tangu Idi Pili umenipigia simu sikupokea, ukanitumia salamu za pongezi kupitia kwa mama nikazinyamazia, mpaka ukamwambia kwamba ushindi umenipanda kichwani. Siyo hivyo, kaka. Niliogopa sauti yako. Nilijua ukiniita tu bondia wangu nitakudanganya, na nikishakudanganya siku moja nitaendelea hivyo maisha yangu yote. Kwa hiyo nimekaa nikaandika.

Nasikia huko kwenu mmeiona ile video fupi, mahali Masoud anapoanguka na mimi ninapopanda kamba. Haionyeshi yaliyotangulia. Masoud unamfahamu kwa jina, yule mchomelea vyuma wa Tongoni, mrefu, aliyekuwa hajapoteza pambano kwa miaka mitatu. Tulipangiwa raundi nane, alasiri ya Idi Pili, na mshindi angekwenda Dar es Salaam kugombea mkanda. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa madirishani na kanzu zao za Idi.

Alianza kunipiga tangu kengele ya kwanza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mrefu, ukinifikia kabla sijauona. Raundi ya kwanza alinivunja pua, nikaanza kumeza damu. Raundi ya pili midomo ilichanika kwa meno yangu mwenyewe ingawa nilivaa kinga. Mimi nilikuwa nampiga mbavuni na tumboni tu. Kila nilipompata nilisikia pumzi inavyomtoka, lakini alirudi na kunichapa usoni, makonde mawili kwa langu moja. Raundi ya tatu aliniangusha. Refa alihesabu hadi sita ndipo nikaona vidole vyake. Watu wa Tongoni walikuwa wanaimba, na wale wa Mabawa, majirani zangu mwenyewe, wengine walikuwa wanacheka.

Kwenye kona kocha Methusela alinizaba kofi. Aliniuliza kwa nini nampiga tumbo tu. "Kichwa chake kina nini? Umekatazwa?" Nikatema damu kwenye ndoo, nikanyanyuka.

Raundi ya nne nilimpiga kwa mkono wa kulia, juu ya sikio lake la kushoto. Halikuwa konde zito. Lakini Masoud alisimama akageuza uso kidogo, kama mtu aliyesikia anaitwa. Nikampiga hapohapo tena. Raundi ya tano nikaacha kujikinga kabisa. Nilipokea makonde yake ili nipate nafasi ya kupiga mahali pale pamoja tu, na kila nilipopapata mkono wake wa kulia ulishuka, akawa anaunyanyua kama anayenyanyua ndoo. Refa alimsimamisha akamuuliza kama anaweza kuendelea. Akaitikia kwa kichwa. Kwenye kona yake nao walimuuliza, nasikia, akawaambia wamuache.

Raundi ya sita nilimbana kwenye kamba. Kaka, mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia. Hakuwa na kinga upande wowote. Nilimpiga makonde kumi na moja. Najua idadi kwa sababu nimeitazama video kamili aliyonayo kocha, ingawa nilikuwa nimeapa kutoitazama. Baada ya la saba macho yake yalikuwa meupe na miguu ilikuwa inashikiliwa na kamba tu. Nikapiga manne zaidi, refa akiwa tayari anakuja mbio. Masoud alianguka kifudifudi, hakutanguliza mikono, uso wake ukapiga sakafu ya ulingo kwa kishindo nilichokisikia juu ya kelele zote. Kinga ya meno ikatoka pamoja na damu. Mguu mmoja ukawa unatetemeka, unapigapiga ubao. Mimi nikapanda kamba nikainua mikono, nikawapigia kelele wale waliokuwa wananicheka. Niliposhuka alikuwa anakoroma, na mkewe Zuleha alikuwa ameshapanda ulingoni bila viatu, ameshika kichwa chake kwa mikono miwili.

Alipelekwa hospitali ya mkoa, na siku ileile akasafirishwa kwenda Dar. Walimfungua kichwa wakaondoa damu. Huko ndiko madaktari walikosema kwamba chini ya damu mpya waliikuta ya zamani, ya wiki kadhaa. Hapo mji mzima ukajua kwamba Masoud alipanda ulingoni akiwa mgonjwa, na kwamba daktari wa pambano alipomuuliza kama ana maumivu popote alisema hana.

Basi ikawa ndiyo mada ya barazani. Wapo waliosema mtu mzima mwenye akili zake, akiamua kupigana na maumivu yake, hakuna wa kumzuia, na kwamba ngumi za kulipwa si mchezo wa walio wazima tupu, maana hakuna bondia asiye na mahali panapouma. Kocha Methusela alikuwa wa kwanza kusema hivyo, akaongeza kwamba Masoud alitia saini kwa mkono wake. Wengine walisema mgonjwa hawezi kuachiwa ajipime mwenyewe, kwa sababu anayetaka kupigana atasema mzima hata akiwa anakufa. Walitaka kila bondia apigwe picha ya kichwa kabla ya pambano. Walikuwa wananigeukia wakitaka nami niseme, mshindi mwenyewe. Nikawa nasema nina haraka, naondoka.

Nilikuwa nakukumbuka wewe. Unakumbuka mwaka juzi nilipopigana Korogwe na malaria, natetemeka chini ya taulo? Nilishinda kwa pointi, ukanibeba mabegani, ukaniambia bondia wa kweli hata mkewe hamwambii panapomuuma. Niliyafurahia maneno yale mno. Sikulaumu, kaka. Lakini Masoud naye alikuwa na mtu wa kumwambia maneno kama hayo, na bila shaka naye aliyafurahia.

Sasa nifike nilipokuwa nakwepa kufika.

Tarehe ishirini na nane ya Ramadhani, baada ya swala ya alasiri, mwanamke alinisubiri nje ya ghala la mkonge tunapofanyia mazoezi. Alikuwa Zuleha. Tulikuwa hatujawahi kuzungumza. Aliniomba tusogee pembeni, akaniambia mumewe amepigwa mazoezini na mtu mzito kuliko yeye, juu ya sikio la kushoto, akazirai. Tangu siku ile anatapika asubuhi, saumu zimemshinda, mwanga wa mashine ya kuchomelea unamliza, na wakati mwingine anaanza sentensi anapotelewa na neno. Amemsihi akatae pambano, hataki. Amemtishia kwamba atawaambia waandaaji, naye akaapa kwamba siku atakayofanya hivyo ndiyo talaka yake. Ndipo akaja kwangu.

"Kaka Yasini," aliniambia, "wewe ukisema umeumia mkono, pambano litaahirishwa na hakuna atakayemcheka yeyote. Na kama huwezi, basi usimpige kichwani. Nakuomba kwa mama yako."

Nikamjibu: "Nimekusikia, shemeji. Nenda nyumbani usiwe na wasiwasi."

Ndivyo nilivyosema, kaka, kwa mdomo huu. Akanishukuru, akalia kidogo, akaenda zake. Na haki ya Mungu nilikusudia kweli kumpiga mwilini tu. Nilijiona mtu mwema. Sikuahirisha kwa sababu nilitaka mkanda, na sikumwambia daktari kwa sababu nilitaka kushinda, lakini nilijiambia kwamba kumwachia kichwa chake ni wema wa kutosha. Wema ule ulidumu raundi tatu. Niliponyanyuka sakafuni na kuwasikia majirani zangu wanacheka, nilimkumbuka Zuleha, nikaikumbuka na sehemu aliyonionyesha kwa kidole chake juu ya mtandio. Akili yangu ilikuwa timamu, usidhani ni kiwewe cha makonde. Nililenga. Alinipa siri ili nimhurumie mumewe, nami nikaitumia kama ramani.

Zuleha hakumwambia mtu. Angenisema vipi bila kujisema kwamba alitoa siri ya mumewe kwa adui yake? Ndivyo nilivyosalimika, kwa aibu ya mwanamke.

Masoud alirudishwa Tongoni mwanzoni mwa mwezi huu. Upande wa kulia haufanyi kazi, na maneno yanamtoka moja moja. Alhamisi iliyopita nilikwenda. Zuleha alinifungulia mlango, hakunisalimu, akanong'ona neno moja tu: nisimtaje. Nikamwambia sitamtaja.

Masoud alipoingia kuniona alijaribu kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Samahani, mimi ndiye niliyeingia. Mkono unaandika ovyo. Alininyooshea mkono wa kushoto. Akahangaika mpaka akapata neno, akasema, "Kiume." Alitaka kusema nimemshinda kiume. Nilihisi ningeweza kuondoka nalo neno lile, likanitosha mbele za watu hadi nazeeka.

Nikamwambia sivyo. Nilimwambia nilijua kwamba alikuwa mgonjwa kichwani, nilijua upande, na nilipiga pale kwa makusudi kwa sababu alikuwa ananizidi.

Akaniuliza, "Nani?"

Nikasema hakuna mtu. Nikasema siku ya kupima uzito nilimwona ameshika ukuta na kukinga upande ule na mwanga, nikaelewa. Ni uongo, kaka, na ndio pekee ambao sitautubia. Zuleha alikuwa amesimama nyuma yangu na bakuli la uji, nikasikia kijiko kinagonga bakuli.

Masoud aliniita kwa kidole. Nikasogea. Akanipiga usoni kwa ule mkono wa kushoto ulionivunja pua. Sasa konde lake halikuuma hata kidogo. Nikabaki pale pale. Akanipiga tena, na ili anifikie ilibidi nipige magoti kando ya kitanda. Alinipiga hadi akaloa jasho, machozi yakimshuka upande mmoja tu, na sauti ikimtoka isiyokuwa neno lolote. Mwishowe mkono wake uliangukia begani kwangu, ukabaki hapo. Usidhani ni msamaha. Alikuwa hana nguvu ya kuuondoa. Zuleha alikuja akaunyanyua, akaulaza juu ya shuka, akanifuta mimi damu ndogo iliyokuwa mdomoni kwa kanga yake, akaniambia, "Sasa nenda."

Nimekwenda. Jumamosi nilirudisha leseni yangu na kuwaandikia wasimamizi wa ngumi kwamba nilimtambua mwenzangu ni mgonjwa, nikanyamaza. Pambano la mkanda amepewa mwingine. Kocha Methusela hanisemeshi. Mama hajui lolote, na nakuomba uniachie mimi nimwambie, nikishapata namna.

Sikuombi unitetee wala unilaumu, najua utafanya lile moyo wako utakalokutuma. Ila usiniite tena bondia wako, kaka. Niite jina langu.

Nisalimie shemeji Samiha, na watoto wote mmoja mmoja. Mwambie mkubwa wao asome kwa bidii, na mdogo afunikwe vizuri wakati huu wa mvua. Mola akulindeni nyote.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Yasini