Moto wa Kuomba

Nyabiyonza,
Novemba, 1954.

Kwa kaka yangu mpendwa Placidius,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itawakuta wewe, wifi Jovitha na watoto mkiwa wazima huko Kiruruma. Sisi hapa kwa shangazi hatujambo, ila yeye goti linamsumbua, naye anatusumbua sisi. Mvua ni nyingi na maharage yamestawi.

Tumerudi salama kutoka Nyaishozi kwenye sikukuu ya kanisa. Kwaya nzima ilikwenda kwa miguu, na Yustus, yule mnunuzi wa kahawa, alikuwamo. Ndiyo, yuleyule niliyemkataa, ukanikasirikia, ukawapelekea wazee wake jibu langu kwa shingo upande. Nilikuambia anajigamba, na njiani hakunifanya mwongo: kila aliyemkaribia alionyeshwa kiberiti chake cha petroli, eti hata kwenye tufani kinawaka.

Wakati wa kurudi mvua ikatukamata porini. Kijito kikafurika, ikabidi tulale upande ule. Mwalimu wa kwaya, mzee Rwezaura, akatoa kiberiti chake, njiti zote zimelowa. Yustus akajitokeza na kile chake. Akakiwasha mara nyingi, kuni mbichi zikakataa, mpaka petroli ikaisha. Kaka, nilicheka bila haya, na nilitaka anisikie. Mzee akachonga vijiti vya kupekecha moto, kama wafanyavyo wachungaji wa ng'ombe, na Yustus akapekecha hadi viganja vikachubuka. Moshi ulikuja, moto haukuja. Wasichana wadogo wa kwaya walikuwa wanatetemeka kwa baridi.

Basi Yustus akavua viatu, akataka kushuka bondeni kuomba moto kwenye nyumba moja. Wenzake wakamtania kwamba hiyo ni kazi ya wanawake na watoto. Akawauliza, na kuota huo moto ni kazi ya nani? Alirudi amelowa chapachapa, koti lake kalifunikia kigae chenye makaa. Mzee akataka kujua alimwambia nini mwenye nyumba.

"Nimemwambia nilijigamba mbele za watu, na sasa nimeumbuka," akajibu.

Akacheka kuliko sisi sote. Tulichoma ndizi, tukaimba hadi nguo zikakauka. Mimi hakunisemesha neno, ila aliniachia upande usio na moshi.

Kaka, sijui nianzie wapi. Nilimkataa kwa majigambo yake, kumbe ni mtu anayeweza kujicheka. Mimi siwezi, unanijua. Namtaka. Najua ni aibu kwako kurudi kwa wazee wake, na huenda wamekwishamtafutia mwingine. Wazo hilo linaninyima raha. Nakuomba uende. Usiwaambie kwamba umri unanipita, waambie nilikosea.

Shangazi hajui habari hii, kwa hiyo usimwandikie. Wifi mpe salamu nyingi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mungu awatunze.

Na kama utaona aibu kwenda, nijulishe upesi. Nitakwenda mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Eugenia