Breki ya Baba Mkwe na Raba Nilizoziosha kwa Petroli

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie upesi maana nimekalia kuti kavu, na nililipanda kwa miguu yangu mwenyewe.

Mimi ni fundi friji, nina mke na binti wa miaka saba, na tunaishi nyumba moja na baba mkwe wangu, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye kwa miaka tisa ya ndoa yetu hajawahi kuniita chochote zaidi ya "bwana wewe". Ana pikipiki yake ya zamani iliyokaa stoo miaka kumi na moja chini ya turubai, na mwezi uliopita, sijui shetani gani alinipanda, nikatamka mezani mbele ya wote kwamba nitaifufua, naye akanitazama juu ya miwani akasema, "Bwana wewe, hata feni ya sebuleni hujaimaliza," na kweli sijaimaliza, mke wangu akacheka, basi mimi nikaapa.

Injini haikunisumbua. Iliyonitoa jasho ni breki ya mbele, maana pistoni ilikuwa imeganda kwa kutu ndani ya kalipa, ile taya inayobana diski ya gurudumu, mafuta ya breki yamegeuka meusi kama kahawa, nikaing'oa pistoni nikaipiga msasa laini mpaka ikang'aa, nikafungua na masta silinda, ile pampu ndogo pale kwenye usukani, nikaenda dukani kutafuta raba mpya, zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasipite pembeni ya pistoni, muuzaji akasema pikipiki hiyo ya kizamani mno, raba zake ni za kuagiza, nisubiri wiki tatu, nikaagiza, lakini mzee kila asubuhi anapita akiuliza, "Imefikia wapi?" kwa sauti ile ya kusahihisha madaftari, basi nikachukua raba zilezile kuukuu nikazilowesha kwenye petroli kutwa nzima, kwa sababu katika kazi yangu kila kilichoshika grisi nakiosha kwa petroli, zikatoka laini, zimejaa, zinabana kuliko mwanzo, nikajiona profesa, nikafunga, nikatia mafuta mapya, nikatoa upepo wote ulioingia kwenye mafuta, mkono wa breki ukawa mgumu safi.

Mzee akaipanda akazunguka mtaa mara mbili, akarudi, akanishika bega akasema, "Umeiweza, mwanangu." Mshauri, nilikwenda bafuni nikalia.

Siku tatu baadaye naifuta vumbi, nikaubana mkono wa breki nikaushikilia tu hivi, nikausikia unazama polepole kama mtu anayesinzia, mpaka ukagusa usukani, nikauachia nikabana tena, mgumu, kisha ukazama tena, nikajua raba zimeharibika zinapitisha mafuta, na papo hapo mzee akatoka na kofia yake akaniuliza, "Kuna tatizo?" nikasema hakuna. Tangu hapo siku tisa, sili, siketi, nikisikia pikipiki inawaka naacha friji ya watu wazi naenda kusimama pale kwenye mteremko wa kituo cha mafuta kumtazama anavyoshuka, juzi nimemwambia tairi halina upepo, jana nikamwambia mvua inakuja, na hakukuwa na wingu hata moja. Nafikiria nizibadilishe kwa siri raba zikifika, lakini bado siku kadhaa, na nikisema sasa naogopa nitarudi kuwa bwana wewe. Nifanyeje?

Mkwe Asiyetulia

MSHAURI ANAJIBU

Bwana fundi, marahaba. Pole, na pole hiyo ndiyo ya mwisho utakayoipata kwangu leo.

Nakuelewa. Kusubiri miaka tisa kuitwa mwanangu si mchezo, na wengine huzikwa hawajaitwa. Lakini mtoto gani humwona baba yake akipanda kitu kibovu, akanyamaza ili aendelee kusifiwa? Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe si chako.

Nimemuuliza fundi pikipiki aliye mkabala na ofisi yetu. Alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Anasema petroli huivimbisha raba ya breki, ikakudanganya kwamba imepona, halafu ikaoza. Tupa zote, hata zile unazoziona nzima. Fungua tena kalipa na masta silinda, safisha kwa mafuta ya breki tu, badilisha pia ule mpira mkuukuu unaoshusha mafuta kwenye gurudumu, tia mafuta kutoka chupa mpya isiyofunguliwa. Ukimaliza, bana mkono wa breki uushikilie dakika nzima. Ukizama hata kidogo, rudia. Na kabla ya raba mpya kufika, pikipiki haitoki getini.

Barua yako ilinifikia Jumanne, na gazeti hutoka Jumamosi. Kwa miaka kumi na minne ya safu hii sijawahi kumpigia msomaji simu. Wewe nilikupigia kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha, akapokea mkeo, wewe ukiwa umeacha simu kwenye chaji. Nilimwambia yote. Kanuni yangu nimeivunja na sijuti, maana mkeo aliniambia usilolijua: Ijumaa ya wiki iliyopita mzee alimrudisha binti yenu kutoka shule, amekaa nyuma yake, wakashuka mteremko huohuo, wewe ukiwa kwa mteja.

Tangu Jumanne hiyo ufunguo wa pikipiki umo kifuani mwa mkeo. Jana nimempigia tena. Anasema wewe umeanza kula vizuri, kumbe unadhani Mungu ndiye aliyekufichia ufunguo. Mzee yeye anaamini ameupoteza mwenyewe. Amepekua stoo nzima, amegeuza mifuko ya makoti yote, na jana alimwambia mkeo, "Uzee umenifika, akili inanitoka." Umesikia, bwana fundi? Kosa ni lako, anayejilaumu ni yeye.

Sasa nenda. Usianze na muuza duka wala wiki tatu. Anza na "baba, nilikosea", kisha mweleze raba. Akikuita bwana wewe, itika.

Na usichelewe. Nasikia mzee husoma gazeti hili kila Jumamosi saa nne, baada ya chai. Mkeo ameahidi kukupa wewe kwanza, na saa nne ikigonga atampa baba yake, limefunguliwa ukurasa huu. Tazama saa yako.