Mbavu za Ndege ya Balsa

Jumatatu, 4 Agosti
Mbavu nne za bawa la kushoto nimezigandisha kabla ya kwenda kazini Mtumba. Gundi imeshika. Wembe umechoka, ninunue mwingine. Balsa ni mti mwepesi kuliko mkate. Ukiushika kwa hasira unabonyea, na mimi hasira ninazo.

Jioni Baba kaomba alishike bawa. Haoni tena, presha ya macho imemmaliza, kabaki na mwanga wa dirishani tu. Lakini vidole vya ufundi wa ndege bado anavyo. Kapapasa. Kafika ubavu wa tatu, kasema umelala. Kauvunja. Eti nirudie. Nimerudia. Mjinga mimi.

Jumatano, 6 Agosti
Leo kavunja mbili. Mmoja kweli ulikuwa umepinda. Wa pili ulikuwa sawa kabisa, niliupima kwa rula. Kauvunja kwa sababu nilisema uko sawa.

Boksi hili la vipande vya ndege ndogo ya kujenga nililiagiza mimi, kupitia mwenzangu wa ofisini aliyesafiri nje. Toka akiwa fundi pale uwanja wa ndege Baba alitamani kujenga ndege ya namna hii kwa mkono wake. Macho yakamwahi. Najenga mimi. Shukrani sitaki. Nataka aseme "vizuri". Mara moja tu kabla hajafa. Nimezeeka sijalisikia.

Jumamosi, 9 Agosti
Siku ya karatasi. Unaibandika juu ya mbavu, unanyunyizia maji, ikikauka inajikaza kama ngoma. Bawa linabanwa kwa pini kwenye ubao mpaka kesho yake, ndivyo maelezo yanavyosema. Mimi nikajifanya mjuaji. Dodoma hii, upepo wa Agosti, shuka linakauka bado unalianika! Nikachomoa pini baada ya chakula cha mchana. Karatasi ilikuwa kavu, mti ndani bado una maji. Bawa likajikunja ninaliona. Nimebandua karatasi yote.

Baba kacheka mpaka kakohoa. Nimempa maji, nikatamani yampalie.

Jumapili, 10 Agosti
Shangazi Mele, dada yake Baba, kaja toka Gulwe na karanga mbichi. Nimemwamkia, nikaingia jikoni. Kaiona ndege mezani. "Ee! Kazi ya nani hii?"

Baba hata hakumeza mate. "Ya Daudi. Yule mtoto ana mkono."

Daudi! Mdogo wangu, yuko Mwanza, huku hajakanyaga toka Krismasi, na dawa za Baba hajui hata zinamezwa saa ngapi. Shangazi kamwombea baraka. Mimi nimesimama mlangoni na ugali mkononi. Nimemchukia baba yangu.

Alhamisi, 14 Agosti
Imekwisha. Karatasi nilibandika upya, pini nikaziacha mpaka kesho yake. Propela mbele, raba ya kuizungusha iko tumboni. Nimeibeba kwa ncha za vidole chini ya mabawa, imetulia, haikuinama mbele wala nyuma. Baba kaipapasa yote, polepole. Hakuvunja kitu. Nikangoja. Nilibana pumzi kama mtoto.

"Pua nzito."

Basi, ndiyo hiyo tu. Na si nzito. Jumamosi tunarusha.

Jumamosi, 16 Agosti
Asubuhi, upepo haujaanza. Viwanja vya nyuma ya nyumba, bado havijajengwa, nyasi kavu tupu. Sisi wawili tu. Nimemkalisha Baba kwenye kiti cha plastiki. Nimezungusha propela mpaka raba ikajaa mafundo. Nikaachia.

Iliruka. Jamani, iliruka! Ikapanda, ikakata kushoto, ikazunguka juu yetu. Jua likapita kwenye karatasi nikaona mbavu zote, mmoja mmoja. Halafu ikashuka yenyewe kwenye nyasi, taratibu. Hata sauti huisikii. Baba kainua uso upande ambao haikuwepo, mdomo wazi.

"Imeruka?" Sauti ya mtu anayeomba. Toka nizaliwe sijamsikia hivyo.

"Imeanguka," nikasema. "Hapo hapo. Pua nzito."

Akasinyaa kwenye kiti. Nimefurahi. Naandika ukweli, nimefurahi.

Jumapili, 17 Agosti
Nimerudi kanisani nikamkuta sebuleni na ndege mapajani. Kaifuata mwenyewe chumbani kwangu, kwa kupapasa ukuta. Alikuwa anaigusa pua, propela, mabawa, mkia. Nzima. Haina hata mkwaruzo.

"Uliniambia imeanguka."

Nikaiweka Biblia mezani.

Hakunitukana. Kaweka dole gumba kwenye ubavu wa kwanza, kaminya. Wa pili. Kaenda hivyo mpaka mwisho wa bawa, akahamia la pili, hana haraka, kama mtu anayemenya karanga. Ningeweza kumnyang'anya. Nilisimama tu.

"Haya," akasema. "Sasa imeanguka."

Jumatatu, 18 Agosti
Nimefagia vipande baada ya kazi. Vyepesi mno, vinaukimbia ufagio. Nimepika mlenda.

Daudi kapiga simu. Baba kaongea naye sebuleni, mimi nikiwa jikoni, mlango wazi. Kamwambia dada yako kajenga ndege, ikaruka. Vizuri. Kasema tena, vizuri sana. Daudi kataka atumiwe picha. Baba kasema haipo tena.

Kisha kaniita, kauliza kama ugali umeiva. Nimempakulia.