Kumpima Nasra Upya

Mwalimu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila siwezi kuanza bila hiyo.

Tangu tukuzike Kimandolu, kiwanda kimeuzwa. Mmiliki mpya anataka timu yetu ya michezo ibaki na wachezaji wachache, wenye nguvu ya miguu. Wengine wataondoka, na kazi zao za kiwandani watazipoteza pia. Juzi meneja wake aliwapima wachezaji wote kwa ule mtihani wako wa kuruka kando ya ukuta, vidole vimepakwa chaki, kuona alama inapanda kiasi gani juu ya pale mtu anapofikia akiwa amesimama. Lakini aliwarusha mara moja moja tu, asubuhi, na baridi ile ya Meru, bila kupasha misuli. Nasra alikuwa ametoka zamu ya usiku. Akawa wa mwisho.

Nasra yuleyule wa Levolosi aliyekuwa akikutania, "Mwalimu, ukuta umechoka, mimi bado." Nawe ulicheka, ukampumzisha, ukamrusha tena mpaka alama zikome kupanda. Siku nyingine ukampima upya, uone kama zinakubaliana. "Mruko wa kwanza ni salamu tu," ulituambia.

Leo meneja aliponiagiza nipige chapa majina ya wanaoondoka, niliondoa mikono kwenye mashine. Nikasema kipimo hakijakamilika.

"Wewe ni kocha au karani?"

"Karani, bosi. Ila siwezi kuandika kwamba huo ndio mwisho wa nguvu zake."

Aliisukuma kando ile orodha, nami nikatamani ningemeza maneno yangu. Kisha akasema kesho warudie, mbele yake, kwa utaratibu wako. Alama ya Nasra isipopanda, tutafukuzwa kazi sote wawili, yeye na mimi.

Jioni hii Nasra alinikuta nafunga ofisi. Hakutania. "Dada, wewe ndiye utakayeshika futi ya kupimia. Niongezee kidole kimoja tu."

Nilimwambia akalale.

Naogopa, Mwalimu. Mama bado ananitegemea, na sina wa kumuuliza. Tena najua ungefanya nini, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Basi nakuahidi. Kesho nitahakikisha amepasha misuli vizuri. Nitampa muda wa kupumua kati ya mruko na mruko, mpaka chaki igome kupanda. Halafu nitasoma pale ilipofika, hata kama itatutoa sote wawili.

Lala salama, Mwalimu. Mkono wangu usitetemeke, hilo tu ndilo ninaloomba.

Karani wako,
Naomi