Mkalimani wa Sinema Bubu

Jumanne, 10 Juni 2025

Nimewaona! Taa nyekundu, kwenye robot ya kuongoza magari, Westville. Gari la mume wangu Désiré, na Laurette wa kwaya amekaa kwenye kiti changu. Anakula sambusa. Sambusa nilizokaanga mimi asubuhi! Mimi niko dirishani ndani ya taxi, hata hawakuangalia upande wangu.

Jioni Désiré akasema alishinda dukani Greyville, simu za kutengeneza zilimjaa. Nikamwambia pole, baba. Nikampakulia.

Alhamisi, 12 Juni

Peguy, fundi wa mitambo kanisani, amepata sinema ya zamani kwa ajili ya siku ya wanandoa. Bubu kabisa — midomo inacheza, sauti hakuna. Mume anatoka nje ya ndoa, mwishoni anarudi, wanakumbatiana. Kwa kuwa kila Jumapili mimi ndiye namtafsiria mahubiri, Pasta anataka niwasemee watu wa sinema. «Maman Libérate, weka hata kichekesho kidogo.»

Nitaweka, Pasta! Nimeomba kitu kimoja tu: kwaya nayo iwepo.

Jumatatu, 16 Juni — sikukuu, Pinetown

Mapumziko ya katikati ya sinema. Naandika chooni kanisani, haraka haraka.

Jamani, watu wamevunjika mbavu! Mume wa sinema alipomuaga mkewe, nikamsemea maneno ya Désiré yale yale: «Chérie, mpenzi wangu, leo iko kazi mingi, usiningojee.» Désiré alicheka kuliko wote, mjinga yule. Kisha yule hawara akapanda gari. Nikabana sauti: «Sambusa iko muzuri! Bibi yako wa ndoa anajua kupika!»

Désiré akageuka kumtafuta Laurette kwenye kwaya. Laurette akainamisha kichwa. Nilisikia raha — Mungu anisamehe, raha tupu.

Bado sehemu ya mwisho. Mume anapiga magoti. Mke anaongea, uso wake umejaa ukutani, anaongea weee, ndipo amkumbatie. Majina ya Désiré na Laurette nimeyaweka pale, kinywani mwa mke.

Désiré amenifuata. Yuko nje ya mlango wa choo, ananong'ona. Eti Libé, nakuomba, mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Eti maikrofoni anayo yeye, hanipi mpaka niahidi.

Peguy ameshazima taa. Ukumbi unapiga makofi, unaniita.

Nimemjibu kwa sauti tamu: naahidi, baba. Ameamini!