Muziki Usio na Maneno Umenigombanisha na Ofisi

Bi Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba uninusuru kabla mwezi haujaisha. Mimi ni karani mpya katika ofisi ya uwakala wa mizigo hapa Malindi, bado niko kwenye majaribio, na mwajiri wangu, Bwana Muhiddin, alipiga marufuku taarabu ofisini kwa sababu Bi Mwanakheir wa uhasibu na Bi Nassra wa mapokezi walikuwa wakisemana kwa nyimbo, akaniambia, "Wewe uliyesoma, tutafutie muziki usio na maneno, mpya mpya, wateja wapumzike na sisi tupumzike," nami nikafurahi mno kwa kuwa ndio ninaoupenda, nikapendekeza nyimbo tatu za ala tupu: ya dub, yenye besi nzito na ngoma inayopotea katika mwangwi kisha ikarudi, ya jazi, saksafoni na piano zikijibizana taratibu, na ya roki, gitaa likianza kwa kunong'ona na kumalizia kwa kishindo.

Tulianza na ya jazi. Saksafoni ilipopanda tu, Bi Mwanakheir akainuka na noti ya pesa mkononi, akaipunga, akaenda kuitunza spika kama anavyotunzwa mwimbaji wa taarabu, macho yake kwa Bi Nassra.

Bi Nassra akanijia mezani. "Karani, nani kakutuma?"

"Bi Nassra, haina maneno."

"Ndiyo uchungu wenyewe. Ingekuwa na maneno ningeijibu."

Hofu ikanishika, nikataka kumpoza, nikampigia ya roki, na gitaa lilipofika kwenye kishindo naye akainuka na noti yake, akatunza, na sasa Bi Mwanakheir anaidai ya dub, anasema, "Nipigie pale ngoma inaponyamaza ghafla, hapo ndipo atakapojijua," na wote wawili wananiita mwanangu, na wote wawili wananitishia kwamba Bwana Muhiddin, aliyesafiri, akirudi mwisho wa mwezi watamwambia mimi ndiye ninayewagombanisha, na akirudi ndipo ataamua kama ananiajiri. Niufute muziki wote, au nijiuzulu? Majina ya nyimbo ya dub na ya jazi nimeyaandika nyuma ya karatasi, uzipime mwenyewe. La roki sikuthubutu.

Karani, Malindi

Marahaba, mwanangu. Pole, lakini pole yangu ni fupi. Muziki wako hauna kosa. Kosa ulilifanya ulipompigia Bi Nassra wimbo wa kujibia. Hapo uliacha ukarani ukawa kiongozi wa kikundi cha taarabu chenye mashabiki wawili. Usijiuzulu. Ukiondoka, kila mmoja atasema kamshinda mwenziwe.

Siku Bwana Muhiddin atakaporudi, mngojee mlangoni umweleze yote kabla hajakaa, na hiyo ya roki usiiruke. Noti zirudishe kwa wenyewe, mchana kweupe. Spika itundike karibu na dari, mkono wa mtunzaji usifike. Asubuhi washa muziki kabla hawajaingia, nyimbo zote tatu zijizungushe zenyewe mpaka jioni, wala usiziguse hata wakikuletea halua.

Hiyo ya dub nimeisikiliza kabla ya kukujibu. Pale ngoma inaponyamaza nimemkumbuka jirani yangu mmoja wa Kikwajuni, bila ya kufundishwa na mtu. Kwa hiyo niandikie jina la ile ya roki, na ufanye haraka. Alhamisi tuna arusi, na jirani huyo kaalikwa.